Wakwe Waliochelewa Miaka Thelathini na Moja

Tulipoachana juma lililopita, mkono wa Consorcia ulikuwa bado uko hewani getini, ukisubiri kupokewa na mwanamume wa mwisho kushuka kwenye gari la wageni.

Kama gazeti lile lilikupita, chukua haya machache uende nayo. Wageni ni ukoo wa Magtibay kutoka Lipa, kule Batangas. Wamekuja kwetu Guagua, mkoani Pampanga, kumposea kijana wao Jomar binti pekee wa Consorcia, Luningning, ambaye mtaa mzima tunamwita Ningning. Mwanamume huyo wa mwisho ni baba yake Jomar. Anaitwa Florante.

Na Florante ndiye aliyemwacha Consorcia ameketi sebuleni, miaka thelathini na moja iliyopita, nguruwe mzima wa kuchomwa akiwa mezani na waalikwa themanini wakiwa uani. Ilikuwa siku ya kupanda ngazi, siku ambayo kijana huja na wazazi wake, hupanda ngazi za nyumba ya msichana na kumwomba. Florante hakupanda ngazi yoyote. Hakuja, hakutuma mtu, wala hakuomba radhi.

Sasa amekuja. Amekuja kwa ajili ya mwanawe.

Florante alivua kofia. Upara ulikuwa umemla mpaka kisogoni, lakini macho yalikuwa yale yale. Akaupokea ule mkono, akasema kwa adabu kwamba anafurahi kumfahamu mama yake Ningning.

Kumfahamu. Consorcia alilisikia neno hilo likimshuka kooni kama mwiba wa samaki.

"Karibuni sana," akasema, na akatabasamu. "Tumewasubiri mno."

Ningning alipoliona tabasamu la mama yake alishusha pumzi, kwani alikuwa na hofu ya siku hiyo mwezi mzima. Msichana hakujua lolote. Mji mzima ulikumbuka, lakini mbele ya mtoto mji ulifunga mdomo.

Mtu mmoja tu hakushusha pumzi. Turing, mume wa Consorcia, mchoraji wa mabango ya maduka, mtu wa maneno kumi kwa siku, alichukua mabegi mawili ya wageni na kuingia nayo ndani bila kumtazama mtu usoni.

Wageni walitarajiwa Jumamosi, na karamu ya posa ilikuwa Jumapili. Hii ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na badala ya watano walikuwa tisa. Walikuja na magunia mawili ya kahawa, mikungu minne ya ndizi, feni yao wenyewe, na jogoo wa kupigana wa Isko, baba mdogo wa Jomar. Isko alieleza kwamba hawezi kulala mbali na jogoo huyo kwa sababu huwa anaingiwa na huzuni. Jogoo akafungwa bafuni. Tangu saa hiyo, yeyote aliyetaka kuoga ilimbidi aingie na ufagio.

Mama yake Jomar, Perpetua, hakungoja kuonyeshwa kiti. Alipita sebule moja kwa moja mpaka jikoni, akafunua sufuria ya Consorcia, akaonja, akatafuta chupa ya siki, akaongeza.

Msomaji, sisi watu wa Pampanga tunaweza kuvumilia mengi. Ukitutukania ukoo tutakusikiliza. Lakini sufuria ya mtu usiiguse, na zaidi ya zote usiiguse ya Consorcia, mpishi wa karamu ambaye watu huhamisha tarehe za harusi zao wakisikia ameshachukuliwa na wengine.

"Ilikuwa imepooza kidogo, Mama Ningning," Perpetua akasema, akilamba mwiko. "Sasa imechangamka."

Consorcia akamshukuru.

Alasiri hiyo hiyo, blauzi nyeupe ya Perpetua, iliyoshonwa kwa ajili ya Jumapili, ilidondoka kutoka kwenye kamba ya nguo ikaingia ndani ya ndoo ya mbegu nyekundu ambazo Consorcia hutilia nyama rangi. Ilipotolewa ilikuwa rangi ya papai lililoiva. Consorcia alisikitika sana. Alisema ni upepo. Siku hiyo hata jani la mgomba halikutikisika.

Ijumaa asubuhi mlango wa bafu ukakutwa wazi. Jogoo wa Isko alikuwa juu ya meza ya uani, akitembea kwa madaha juu ya soseji mia tatu ambazo Consorcia alizianika tangu alfajiri, akichagua moja hapa na moja pale. Perpetua alisikitika sana. Alisema ni komeo bovu.

Ningning na Jomar mwanzoni walicheka. Hawa wawili walikutana katika duka la dawa anakofanya kazi Ningning. Jomar, baharia wa meli za mizigo, aliingia akasogea karibu na kaunta, akanong'ona kwamba anataka dawa ya kichefuchefu cha bahari na akamsihi asimwambie mtu. Ningning alikaa na siri hiyo, halafu akakaa na mwenye siri. Ilikuwa miaka mitatu sasa. Siku wageni walipofika, zilibaki siku kumi na moja Jomar apande meli kwa miezi tisa, na walitaka neno la wazazi litamkwe kabla ya nanga kung'olewa.

Kufikia Ijumaa mchana hawakuwa wakicheka tena. Ningning alimfuata mama yake ghalani na kumwuliza kama amewachukia wakwe zake. Consorcia alimshika shavu, akamjibu kwamba hajawahi kumwandalia mtu karamu kwa moyo kama anavyoiandaa hii.

Hilo lilikuwa kweli kabisa.

Saa nane alitoka na kikapu. Alikwenda sokoni kwa muuza nguruwe na kumwambia yule nguruwe wa Jumapili asimchinje, ampe mtu mwingine. Kisha alianza kupita nyumba kwa nyumba kuazima mabakuli makubwa ya kaure yenye vifuniko. Alikuja na kwangu. Akachukua mawili ya marehemu mama yangu.

Nilimwuliza kutakuwa na nini mezani.

"Kile kile cha mwaka ule," akasema.

Ndipo nikajua amewaalika akina nani. Alikuwa amewaalika wale wale. Kati ya themanini tuliokuwa uani siku ile, arobaini na mmoja tulikuwa bado tunapumua, na Consorcia alitufikia wote. Mimi mwaka ule nilikuwa na miaka tisa. Ninakumbuka harufu ya ngozi ya nguruwe, na ninakumbuka baba yake Consorcia akisimama mlangoni na kukataza mtu asiguse chakula mpaka wageni wafike. Nguruwe alipoa. Mafuta yakaganda. Mwishowe mzee alikikusanya chote akakimwaga mtoni, na binti yake alikuwa bado ameketi pale pale, na ua kichwani.

Jumamosi, Consorcia alikuwa akianika shuka nyuma ya nyumba. Florante akaja. Alisimama upande wa pili wa shuka, akaonekana miguu tu.

Alisema kwamba alimtambua tangu hatua ya kwanza, ila mdomo ulimkataa. Alisema alipojua kijana wake ameangukia wapi, alitaka kubaki Lipa, ajifanye mgonjwa, lakini Jomar asingeelewa.

Consorcia aliendelea kubana vibanio. Alikuwa amesubiri maneno hayo kwa miaka mingi, na sasa yalipokuja aliona ni madogo, hayajazi hata kiganja.

"Ungeomba radhi kwanza," akasema.

"Niombe radhi kwa lipi, Sorsing? Ulichoniandikia kilinitosha," akajibu, akimwita kwa jina lake la kifupi.

"Sikukuandikia chochote."

Miguu ikasogea kidogo nyuma ya shuka. "Tumezeeka," Florante akasema. "Tusidanganyane."

Akaondoka.

Consorcia alibaki na kibanio mdomoni. Kwa hiyo mtu huyu, baada ya kumwaibisha mbele ya mji, amerudi kumwita mwongo nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Kama kulikuwa na kijumba kidogo cha huruma kilichosalia moyoni mwake, kilibomoka hapo. Alimaliza kuanika shuka zote, akaenda kupanga viti.

Jumapili tulitoka kanisani moja kwa moja mpaka kwake. Meza ndefu ilikuwa uani chini ya turubai, kitambaa cheupe, maua, na juu yake mabakuli ishirini na manne, yote yamefunikwa, yakimetameta kama mabati mapya. Tulikaa tukimeza mate. Mimi nilikuwa meza ya pembeni, karibu na feni ile ya wageni.

Consorcia alivaa gauni la bluu na aproni safi juu yake. Turing alikaa kichwa cha meza na shati lake la kanisani, ameshika magoti yake mwenyewe.

Saa sita kamili ukoo wa Magtibay ulipanda ngazi.

Waliingia kwa mlango wa mbele kama desturi inavyotaka, wakavuka nyumba, wakatokea uani. Perpetua alikuwa mbele. Alikuwa amevaa ile blauzi ya rangi ya papai. Aliivaa kusudi, kidevu juu, na mkononi alikuwa na trei ya keki ya wali waliyoipika wao. Isko alikuwa na jogoo kwapani, kwa kuwa bafu halikuaminika tena. Jomar alikuwa amejimiminia manukato mpaka wazee wawili wakapiga chafya. Florante akaja wa mwisho.

Watu wa makamo walimtazama na kutambua. Minong'ono ikapita meza hadi meza.

Florante alisimama mbele ya Turing na Consorcia. Akasema kwamba wamepanda ngazi za nyumba hii kwa unyenyekevu, kuomba mkono wa Luningning kwa ajili ya mwanawe Jomar, na kwamba watampokea kama mtoto wao.

Turing alifungua mdomo. Consorcia akamwahi.

"Kabla ya jibu, wageni wapate kula," akasema. "Wametoka mbali. Wamechelewa, lakini wamefika. Kaeni."

Wakakaa. Consorcia akatembea kandokando ya meza bila haraka. Akafunua bakuli la kwanza. Tupu. Akafunua la pili. Tupu. La tatu, la nne, la tano. Alivipanga vifuniko kimoja juu ya kingine, na kila kimoja kilitoa mlio wake. Mabakuli yote ishirini na manne yalikuwa meupe, makavu, yamepanguswa vizuri.

Tumbo la mtu fulani liliunguruma, naona aibu kusema ni la nani.

"Siku ile," Consorcia akasema, akimwangalia Florante, "nilikuwa na chakula na sikuwa na mlaji. Leo ninyi walaji mpo, na chakula hakuna. Mashahidi ni wale wale. Nimewaita waone nusu iliyobaki."

"Mama," Ningning akasema.

"Na jibu lenu ni hapana. Binti yangu haendi katika nyumba ya mtu asiyejua njia ya kufika anakosubiriwa."

Jomar alisimama, akaketi, akasimama tena. Alimgeukia baba yake, akataka kujua ni siku gani hiyo inayozungumzwa. Florante alikuwa akitazama bakuli lililo mbele yake kana kwamba limeandikwa kitu chini.

Aliyejibu ni Perpetua. Alisukuma kiti nyuma, akainuka, ile blauzi ikiwaka juani.

"Mimi nilijua tangu mwanzo ni wewe," akamwambia Consorcia. "Umenielewa? Miaka ishirini na tisa nampikia huyu mwanamume. Anakula, anashukuru, kisha anahema. Kila mlo anahema. Nikamwuliza mwaka wa kwanza, unahema nini? Akasema kuna mtu Guagua alikuwa akikipika hiki. Tangu hapo sijasikia ladha ya chakula changu. Ndiyo maana nilileta watu siku mbili mapema. Nilitaka nilione jiko la huyo mwanamke kwa macho yangu."

Akatazama mabakuli, moja baada ya jingine, mpaka mwisho wa meza.

"Sasa nimeliona. Halina kitu."

Mzee mmoja nyuma yangu alisema taratibu kwamba hilo limeingia. Lilikuwa limeingia kweli. Uso wa Consorcia ulibadilika rangi, na mkono wake ukakibana kifuniko alichokuwa ameshika. Nilidhani atakirusha. Isko naye alidhani hivyo, kwa maana alimfunika jogoo wake kwa koti.

"Afadhali jiko tupu kuliko mume wa wizi," Consorcia akasema.

"Sikumwiba. Nilimwokota. Wewe mwenyewe ulimtupa kwa barua."

"Barua gani hiyo mnayoniimbia?"

"Niliisoma kwa macho yangu. Umebadili nia, asithubutu kuja, akija utamkana mbele za watu. Alikuja nayo kwetu imeloa machozi, sikuwa hata nimelijua jina lake."

Consorcia alicheka, kicheko kikavu, akawageukia waalikwa kama anayeomba msaada. Akasema kwamba watu wa Batangas wamekuja na uwongo wao ndani ya gunia la kahawa. Alisema yeye ndiye aliyeandika baada ya ile aibu, barua moja tu, kumwuliza Florante kosa lake, na barua hiyo haikujibiwa hata kwa mstari mmoja.

Florante akainua kichwa. Akasema hajawahi kuipata barua ya namna hiyo.

Hapo ndipo Turing alipoachia magoti yake.

"Sorsing," akasema.

Hakuna aliyemsikia. Akagonga meza kwa kifundo cha kidole mara mbili, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake.

"Ile barua niliandika mimi."

Naomba niseme kilichofuata polepole, maana ndivyo kilivyokuwa. Turing hakusimama. Aliongea akiwa ameketi, macho kwenye kitambaa cheupe. Alisema kwamba yeye ndiye aliyeandikishwa kadi za mwaliko wa karamu ile, kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri. Consorcia alimletea majina kwenye karatasi, siku baada ya siku, na yeye akaujua mwandiko wa Consorcia mpaka mikunjo ya herufi. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alikuwa akimpenda na hakuwa na chochote, wala gari la kahawa kama la Florante wala jina. Usiku haukumpa usingizi. Jumatano akakaa akaiandika, na Ijumaa ikafika Lipa.

"Na yangu?" Consorcia akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Niliyokupa uitie posta?"

"Sikuitia."

"Uliipeleka wapi?"

"Niliichoma."

Ningning aliweka mkono mdomoni. Jomar akamshika bega, na Ningning hakuutoa mkono wa kijana, wala hakumtazama.

"Ningekaa kimya mpaka kaburini," Turing akasema. "Nilishajiandaa hivyo. Lakini unamvunjia mtoto kwa kosa langu. Hilo siwezi kulitazama. Unichukie mimi. Wao waache waoane."

Maneno hayo yalikuwa mengi kuliko aliyowahi kusema kwa juma zima. Alipomaliza alikuwa anapumua kama aliyepandisha gunia ghorofani.

Florante alikuwa ameanza kulia bila sauti, mabega tu. Perpetua alimtazama mumewe akilia. Akachukua leso kwenye pochi, akaiweka mezani karibu naye, mbali kidogo, mahali ambapo angelazimika kunyoosha mkono aipate.

Sote tulimngojea Consorcia. Mimi nilitarajia makelele. Nilitarajia kaure kuvunjika, na kusema kweli niliyahofia mabakuli ya marehemu mama yangu.

Hakupiga kelele. Alikirudisha kile kifuniko juu ya bakuli lake, akakizungusha mpaka kikakaa sawa.

"Miaka thelathini na moja nimemlaani asiye na kosa," akasema. "Na mwenye kosa nimempikia mara tatu kwa siku."

Akafungua aproni. Aliikunja mara nne, kingo kwa kingo, akaiweka juu ya sahani tupu iliyokuwa mbele ya mume wake.

Turing akataka kuinuka.

"Kaa," Consorcia akasema. "Usiinuke hapo mezani. Mimi nilikaa kutwa nzima na ua kichwani. Leo ni zamu yako kusubiri. Subiri ujue ladha yake."

Kisha akamgeukia Perpetua.

"Mnarudi Lipa leo?"

"Hapa tutalala wapi tena?" Perpetua akasema. "Na tutakula nini?"

"Gari lenu lina nafasi ya mtu mmoja?"

Feni ya wageni ilizunguka. Perpetua akamtazama Consorcia kuanzia viatu mpaka nywele, halafu akatazama chini, kwenye blauzi yake ya papai, halafu akamtazama tena. Nilimwona akipima. Mwanamke aliyemchukia kwa miaka ishirini na tisa alikuwa anaomba kiti, na yeye peke yake ndiye mwenye kiti hicho.

"Utakaa nyuma, kati yangu na Isko," akasema mwishowe. "Mbele kwa dereva hapana."

"Sina haja na dereva."

"Na jikoni kwangu utagusa ninachokwambia uguse."

"Hilo tutaliona tukifika."

Mdomo wa Perpetua ulitikisika upande mmoja. Sijui kama ilikuwa hasira. "Basi panda," akasema.

Ningning alimkimbilia mama yake. Alilia, akamwuliza atakuwa huko kwa muda gani, na kwa nini kule, kwa nini si kwa shangazi pale Lubao. Consorcia alimfuta machozi kwa kidole gumba. Alimwambia kwamba kwa shangazi baba yake angemfuata jioni na kupiga magoti, na kufikia Jumanne watu wangekuwa wamekwishamsamehe. Lipa hatathubutu. Alitaka Turing aamke kila siku akijua mke wake yuko chini ya paa la mtu yule yule ambaye yeye alimnyang'anya mchumba.

"Na sisi, mama?" Jomar akauliza. Kijana wa watu alikuwa amebaki na jibu la hapana mkononi na hajui amkabidhi nani.

"Meli yako bado siku ngapi?"

"Nane."

"Omba nirudi ndani ya saba."

Aliingia ndani. Alitoka baada ya dakika tano, hana sanduku. Alikuwa amebeba kisu chake cha nyama kilichofungwa kwenye gazeti, na ile sufuria yake kubwa ya shaba, ambayo hakuna mtu mwingine Guagua aliyeruhusiwa kuiosha. Perpetua aliiona sufuria hiyo. Alikunja uso, lakini akamshikia mlango wa gari.

Sisi waalikwa tulitoka nyuma yao mpaka barabarani, hatujala, kwa mara ya pili katika uwanja ule ule. Isko alipanda na jogoo. Wale wengine wakabanana. Consorcia akakaa katikati, sufuria magotini, macho mbele. Florante alikuwa wa mwisho kuingia, kama kawaida yake. Aliingiza ufunguo, akashika usukani kwa mikono miwili.

Ndipo tulipomsikia Ningning akimwita baba yake kwa nguvu.

Turing alikuwa ameinuka mezani. Alitembea katikati yetu, aproni ya mkewe mkononi, shati la kanisani limetoka kwenye suruali. Hakusema neno na hakumtazama mtu. Alifika mbele ya gari, akapiga goti moja, akapiga la pili, kisha akajilaza barabarani chali, kichwa hatua moja kutoka kwenye gurudumu, na kuikunjua ile aproni juu ya kifua chake.

Florante akageuka nyuma, jasho likimtiririka, kuuliza afanye nini.

Perpetua naye akamtazama Consorcia. Gari zima lilimtazama.

Consorcia aliisogeza sufuria magotini, ikae vizuri.

"Florante," akasema, "washa gari."

Na Florante, ambaye safari hii hakutaka tena kuambiwa kwamba hakufanya alichoombwa, akazungusha ufunguo.